Kotmiri inaingia sufuriani saa ngapi? Uzi wa wapishi wa mchuzi, kachumbari na chatne

MpishiWaChuda (Tanga)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya kotmiri. Kila nikisoma mapishi yanayowekwa humu, mengi yanaishia na maneno yaleyale: "tia kotmiri, acha ichemke dakika kumi, epua." Dakika kumi kwenye moto zinaua kotmiri. Kinachobaki ni vijani vyeusi vinavyong'ang'ania kwenye meno, halafu mtu anasema kotmiri ni pambo tu, haina kazi. Ina kazi kubwa, ila inatiwa wakati usio wake.

Fungu moja la kotmiri mimi nalihesabu kuwa vitu vitatu.

Kuna mizizi. Kotmiri inayoshuka kutoka Lushoto mara nyingi inafika soko la Mgandini hapa Tanga na mizizi yake, na muuzaji akikuona tu anataka kuikata akutupie. Mwambie aiache. Ikwangue kwa kisu, ioshe udongo wote, itwange na kitunguu saumu na chumvi. Wathai wamejenga upishi wao juu ya jambo hili: mzizi wa kotmiri, kitunguu saumu na pilipili manga nyeupe vinatwangwa kwenye kinu, na hapo ndipo supu na nyama zao nyingi zinapoanzia. Harufu ya mzizi ni nzito, ya chini, na inastahimili moto.

Kuna vikonyo. Hivi vikatwe vidogo kabisa, vikaangwe pamoja na kitunguu maji kabla nyanya haijaingia. Vina utamu na maji mengi, na havipotei upesi.

Halafu majani. Haya yanaingia ukishazima moto. Si kabla.

Niwape mfano wa mchuzi wa nguru wa nazi, kwa sababu hapo ndipo tofauti inaonekana wazi. Vipande vya nguru vipake mizizi ya kotmiri iliyotwangwa na saumu, chumvi, ndimu na pilipili mbichi, viache vikolee wakati unakuna nazi. Vipitishe kwenye mafuta upande huu na huu, usiviivishe, vitoe. Mafuta hayohayo, kaanga kitunguu na vikonyo mpaka kitunguu kilainike, tia bizari ya manjano kidogo, kisha nyanya. Nyanya ikishaachia mafuta, mimina tui jepesi, lichemke lipungue. Rudisha samaki. Tui zito linaingia mwisho, na hapo usibanduke jikoni: koroga polepole kwa kuteka na kumimina ili lisikatike. Likianza kutokota tu, zima. Sasa ndiyo tia majani yaliyokatwa papo hapo, kamulia ndimu, funika, andaa wali. Ukifunua mezani nyumba nzima itajua kuna mchuzi.

Pilau sitii majani kabisa. Kwenye pilau inakaa mbegu yake, giligilani, na hata hiyo iwe kidogo isiizidi nguvu binzari nyembamba. Majani yake yanasubiri kwenye kachumbari pembeni.

Naomba kuwasilisha. Wenye utaratibu mwingine waje, ila waje na sababu.

---

Babu_Kitaa (Moshi)

Mkuu, umeeleza vizuri lakini mimi hiyo kitu hainiingii kabisa. Naisikia sabuni ya kufulia. Mama watoto akiitia kwenye kachumbari naokota jani moja moja naweka pembeni. Mdogo wangu anasema yeye anasikia kunguni. Tumelelewa nyumba moja na dada zetu, na wao wanaila hata mbichi mkononi. Hili ni tatizo la mazoea au la mwili?

---

MwalimuWaMimea

Babu_Kitaa, ni yote mawili, na mdogo wako hajakosea kuhusu kunguni.

Harufu ya majani ya kotmiri inatokana zaidi na kundi la kemikali linaloitwa aldehidi. Aldehidi za jamii hiyo hutumika pia kuipa sabuni harufu, na kunguni naye hutoa za jamii hiyohiyo. Kwa hiyo pua ya mdogo wako inasoma kitu kilichopo kweli.

Sasa kwa nini dada zako hawasikii hivyo? Mwaka 2012 watafiti wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba, walichapisha uchunguzi uliohusisha hisia ya sabuni na eneo moja la kromosomu ya 11, lenye jeni (vinasaba) za kunusa, mojawapo ikiitwa OR6A2. Jeni hiyo ina uhusiano na kipokeo cha pua kinachozinasa sana aldehidi. Lakini waligundua pia kwamba kurithi kunaeleza sehemu ndogo tu ya jambo hili, hivyo usimlaumu babu yako moja kwa moja.

Mwaka huohuo, utafiti mwingine uliofanywa Toronto, Kanada, uliwauliza vijana wa asili mbalimbali. Walioichukia kotmiri walikuwa 21 katika kila 100 kwa wenye asili ya Asia Mashariki, 14 kwa wenye asili ya Afrika, 7 kwa wa Asia Kusini na 3 tu kwa wa Mashariki ya Kati. Tazama mpangilio huo: jamii ambazo kotmiri iko katika chakula cha kila siku ndizo zenye wachache wanaoikataa. Mtoto akiizoea tangu anaachishwa ziwa, pua yake inaipa maana ya chakula.

Kuna njia ya kujaribu. Jani likisagwa au kutwangwa, vimeng'enya vyake huanza kuzigeuza zile aldehidi kuwa vitu vyenye harufu pole zaidi. Itwange, iache ikae kidogo, ndipo uitumie. Watu wengi wasioweza kula jani zima wanaweza kula chatne.

Na hapa ndipo hoja ya MpishiWaChuda inaposimama kisayansi. Aldehidi hizo ni nyepesi, zinaruka na mvuke. Ukichemsha majani dakika kumi, harufu yote imeondoka na ule moshi unaotoka dirishani. Mbegu ni habari nyingine: harufu yake kubwa ni linalooli, ile inayopatikana pia kwenye mimea mingi yenye maua ya kunukia. Ndiyo maana mtu anayechukia majani anaweza kula pilau yenye giligilani na akaomba aongezewe.

---

Babu_Kitaa (Moshi)

Mwalimu, hapo umenifungua macho. Nitaanza na ya kutwanga.

---

Somoe_Unguja

Assalaam aleikum wanangu. Nimemsoma huyu kijana wa Tanga toka juu hadi chini, na kwa mchuzi wa samaki sina ugomvi naye. Ila amesahau kuwa kuna mapishi ambayo kotmiri si ya kunyunyizia, kotmiri ndiyo mchuzi wenyewe.

Kuku wa kotmiri. Unachukua mafungu makubwa, si kijifungu cha kachumbari, majani na vikonyo vyake, unasaga na thomu (kitunguu saumu), tangawizi, pilipili mbichi na ndimu. Nusu unamrowekea kuku na maziwa ya mgando. Kuku akishaiva kidogo unamimina tui, na ile kotmiri inapikwa pamoja naye mpaka mafuta yaelee juu. Hapo ukiniambia nisichemshe, tutakula majani mabichi yenye uchungu. Ikipikwa inakuwa nzito, ina ladha ya mboga, rangi inaiva. Nusu iliyobaki, naam, hiyo naitia mwisho.

Kwa hiyo kanuni yako mwanangu iweke hivi: kotmiri kidogo, moto usiione. Kotmiri nyingi, ipike kama unavyopika mboga, halafu uirudishie harufu kwa mbichi.

Na chatne. Kila nyumba ina yake, yangu ni hii: kotmiri, nanaa kiasi cha robo yake, pilipili mbichi, thomu punje moja basi, nazi iliyokunwa, chumvi, ndimu. Maji yasiingie. Mkimimina maji mnapata uji wa kijani, wala haikai. Kamua ndimu, blenda itazunguka. Hii inaliwa na katlesi, na bajia za dengu, na kachori, na mtu akitaka anaidondoshea kwenye urojo. Urojo wenyewe una ukali wake wa embe mbichi au ukwaju, basi chatne iwe na ndimu kidogo usije ukachachua bakuli zima.

Tungule (nyanya) sitii kwenye chatne ya kotmiri. Wanaotia waendelee, mimi sitii.

---

MpishiWaChuda (Tanga)

Shikamoo bi Somoe. Maneno yako nayapokea yote. Hiyo ya kotmiri kuwa mchuzi wenyewe inastahili kusimama peke yake, na nusu unayoirudisha mwishoni ndiyo inayofanya chakula kinukie. Naomba kuuliza: maziwa ya mgando na tui havigombani? Mimi naogopa kukatika.

---

Somoe_Unguja

Marahaba. Havigombani ukiyapiga maziwa yakawa laini na ukampika kuku kwanza na lile rojo alilorowekewa mpaka maziwa yakauke. Tui linakuja baadaye, moto mdogo. Ukivitia pamoja vyote vya baridi kwenye moto mkali, vitakatika.

---

MamaNjeri_Kawangware (Nairobi)

Hapa kwetu bila dania, ndiyo hiyo kotmiri yenu, hujapika. Ndengu (choroko), maharagwe, mayai, smokie pasua, viazi karai, zote zinataka dania. Kachumbari ya nyama choma pia: nyanya, kitunguu kilichooshwa na chumvi, pilipili, ndimu, dania nyingi. Nakubaliana na yule wa Tanga, na kwa ndengu nafanya hivyohivyo: vikonyo nakaanga na vitunguu na karoti, majani naweka nikishatoa sufuria kwa jiko.

Lakini ningependa tuongee kuhusu kuosha. Kuna mboga zinapandwa kando ya mito ya mji na kumwagiliwa maji machafu, na dania ni mojawapo. Huwezi kujua kwa macho, inakuwa kijani na nono kuliko ile ingine. Na dania tunakula mbichi, haipikwi kama sukuma. Mimi sioshi ikiwa imefungwa kifungu. Nafungua, nakata mizizi, nazamisha majani kwa beseni la maji mengi, natingisha, natoa majani juu ili mchanga ubaki chini, narudia na maji mapya mpaka beseni libaki safi. Maji ya mwisho yawe ya kunywa. Mtu akikwambia anamwaga chumvi au siki ndiyo basi, mwambie bado asugue na maji safi yanayotiririka. Na ukijua shamba lake linamwagiliwa maji ya taka, usinunue ya kula mbichi. Kuosha hakumalizi kila kitu.

---

Mkulima_Limuru

Dada Njeri ameongea ukweli, na dawa yake nzuri ni kupanda yako mwenyewe. Hata ndoo iliyotobolewa chini inatosha jiko la watu wanne.

Mambo ambayo wengi hawaambiwi: ile mbegu ya mviringo mnayoiona ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Iweke kwenye kitambaa, iviringishe na chupa taratibu mpaka ipasuke nusu mbili, usiisage. Iloweke usiku kucha. Panda kina cha kama sentimita moja, mahali pake pa kudumu, kwa sababu ina mzizi mmoja mrefu unaokwenda chini na haipendi kuhamishwa. Itachomoza baada ya wiki moja hadi mbili, wakati mwingine tatu kukiwa na baridi. Vumilia, usifukue kuangalia.

Unaanza kuchuma majani ya nje mwezi wa kwanza ukiishia hivi au wiki mbili baadaye. Usipande yote siku moja. Panda mstari, ukae wiki mbili tatu, panda mwingine. Ikishaanza kurefuka shina na kutoa majani membamba kama nyuzi, imekwenda kwenye maua, majani hayo hayana utamu tena. Usiing'oe yote: maua yake meupe yanavuta nyuki, na baada ya hapo unavuna mbegu za masala na za kupanda msimu ujao.

Vidukari wakivamia, wapige na maji asubuhi. Mimi sinyunyizii sumu kitu ninachokula mbichi.

---

Kigamboni_Yetu (Dar)

Mkuu wa Limuru, huko kwenu baridi. Sisi huku pwani nikipanda inatoka vizuri, inafika kimo cha kiganja, inakimbilia maua. Kosa ni mbegu au udongo?

---

Mkulima_Limuru

Si mbegu wala udongo, ni joto. Kotmiri ikipata joto na ukavu inaona maisha yake yanaisha, inaharakisha kuzaa. Panda miezi ya baridi, kwenu nafikiri Juni hadi Agosti ndiyo nafuu, mahali panapopata jua la asubuhi tu na kivuli mchana. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Maji kidogo kila siku kuliko mengi mara moja. Omba duka la pembejeo mbegu ya aina inayochelewa kutoa maua. Na panda ikiwa imesongamana, uvune ikiwa changa kabisa kwa kukata yote na mkasi. Kwa pwani kuisubiri ikomae ni kujichosha.

---

Ughaibuni_Minneapolis

Nawasalimu kutoka kwenye theluji. Huku kotmiri iko kila duka, tena kwa ajili ya Wameksiko zaidi. Wao wanaitia mbichi juu ya taco (chapati ndogo ya kukunjia nyama) na kwenye salsa (mchuzi wao wa nyanya na pilipili), moto haioni kabisa, kama asemavyo mleta uzi. Majirani zangu Wasomali wana basbaas ya kijani: kotmiri, pilipili mbichi, kitunguu saumu, ndimu. Ukiionja utadhani bi Somoe kapita jikoni kwao.

Kwa Kigamboni_Yetu: kuna mmea mwingine wa ukoo uleule, *Eryngium foetidum*, jani refu lenye meno meno pembeni. Trinidad wanauita shado beni, Puerto Rico wanauita recao na kuutia kwenye sofrito (viungo vya kusaga vya kuanzia mchuzi), Vietnam wanautumia kwenye supu ya pho. Harufu yake ni ya kotmiri lakini kali zaidi, unastahimili kupikwa, na unapenda joto na kivuli. Kwa mtu wa pwani ungefaa sana kuliko kupigana na kotmiri. Mimi nakuza kwenye chungu dirishani wakati wa kiangazi.

---

MtotoWaBukavu

Ndugu zangu, huku kwetu Bukavu, na hata kwa jirani Rwanda na Burundi, nafasi hiyo ya kotmiri imeshikwa na seleri. Majani ya seleri, siyo lile shina nene la saladi. Inaingia katika maharagwe, katika sombe (kisamvu), katika supu ya nyama, katika mchuzi wa samaki wa ziwa. Na kanuni ni kinyume na yenu: seleri inaingia mapema, inakaangwa na vitunguu na inapikwa pamoja na sombe hadi mwisho, kwa sababu harufu yake inavumilia moto. Mama akiitia mwishoni tunasema chakula hakijaiva.

Ni mimea ya ukoo mmoja, karoti pia imo, lakini mtu asichukue utaratibu wa moja akaupeleka kwa nyingine. Nilivyofika Dar nikaona watu wanatia kotmiri mbichi mbichi juu ya maharagwe, nikashangaa. Sasa ninaipenda. Lakini sombe naiachia seleri yake.

---

MpishiWaChuda (Tanga)

Kaka wa Bukavu, karibu sana, hili la seleri ni zito. Kisamvu cha hapa tunapika na nazi na kitunguu, wengine karanga. Nitajaribu na seleri ya Lushoto, inauzwa palepale inapouzwa kotmiri na watu wanaipita.

---

Nesi_wa_Zamu

Niongeze moja la afya maana naona bi Somoe anasema mafungu makubwa. Kotmiri ina vitamini K nyingi. Kwa watu wengi hilo ni jema. Lakini mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarini asibadilishe ghafla kiasi anachokula, leo hakuna, kesho bakuli la chatne. Vitamini K inapunguza nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kilekile siku zote, na amweleze daktari wake anavyokula. Haimaanishi aache.

---

BintiWaKisosora

Mleta uzi, mimi shida yangu ni kuhifadhi. Nanunua Jumamosi, Jumanne imeshateleza kwenye friji. Na watu wa kwetu wanaisaga wanaigandisha, inafaa?

---

MpishiWaChuda (Tanga)

Dada, inaoza kwa sababu inaingia kwenye friji na maji. Usiioshe ukifika nyumbani. Chambua majani yaliyokwisha kuwa manjano, maana jani moja likioza linaambukiza fungu zima. Kisha kama ina mizizi, isimamishe kwenye bilauri yenye maji kidogo, mizizi tu iguse, funika majani na mfuko uliolegea, badilisha maji kila baada ya siku moja. Kama haina mizizi, izungushie kitambaa chenye unyevu kidogo, tia kwenye kopo. Osha ile tu unayopika siku hiyo.

Kugandisha inafaa, lakini kwa kazi ya bi Somoe, siyo kwa kachumbari. Jani likiganda likayeyuka linalegea, halirudi. Isage na mafuta kidogo au ndimu, gandisha kwenye vitrei vya barafu, toa kipande utie kwenye kuku au kwenye mchuzi. Kukausha usijisumbue. Majani makavu ya kotmiri yananuka nyasi, ile harufu imeshaondoka yote.

---

BintiWaKisosora

Asante kaka. Na dagaa wa kukaanga, unatia au hutii?

---

MpishiWaChuda (Tanga)

Natia. Dagaa wakishakauka kwenye mafuta, epua, kamulia ndimu, rusha majani na pilipili mbichi iliyokatwa, geuza mara moja, kula na ugali ukiwa wa moto.